Huyo Mgebuka Ni Mimi

Kabla hamjaendelea kuforwadi ile video, tulieni. Aliyerekodi ni shemeji yangu mtarajiwa, na yale maandishi "mgebuka kanaswa nchi kavu, Mwanga" ni yake. Mgebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, na Mwanga ni mtaa wa Kigoma mjini. Hakuwaambia kuwa nilikuwa nimekwenda kujitambulisha ukweni.

Mzee, yaani baba mkwe mtarajiwa, ni mstaafu wa reli, na mpira wa meza kaucheza tangu ujana. Hilo nililijua baadaye! Wamechora kiwanja cha pikoboli, ule mchezo kama tenisi ndogo wa raketi ngumu na mpira wa plastiki, kwa chaki uani, wavu wakaazima kwa jirani: wavu wa dagaa. Nyie wavuvi wa Kibirizi mnaujua ule, kitu kikigusa hakitoki. Nikajisemea nimchezee mzee polepole, nisimwaibishe. Chekeni tu.

Mzee anakata mpira kwa chini kama anamenya embe. Ukidunda, hauji, unabaki palepale unakutazama. Mwingine anausugua kwa juu, ukidunda unakurukia kifuani. Tukafika kumi kwa mbili. Mbili zenyewe alinipa kwa huruma.

Basi akaukata mmoja juu, ukavuka wavu, ukadunda kwangu, halafu ukageuka. Naapa, uligeuka kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Na sheria ndiyo hiyo: ukirudi kwake wenyewe hujaugusa, pointi yake. Ruksa kuufuata hukohuko, ila usiguse wavu.

"Ufuate shem!" shemeji akapiga kelele.

Nikaufuata. Raketi ikavuka. Mkono ukavuka. Kifungo cha kwanza cha shati hakikuvuka. Nikahisi nimeshikwa, nikadhani ni shemeji ananivuta, nikajikukurusha. Kifungo cha pili. Saa. Kisha sikio, msiniulize sikio liliingiaje. Nguzo ikaanza kuinama, taratiiibu, na mimi naishusha nayo kwa heshima zote, mpaka nikalala kwenye saruji: miguu kwangu, kichwa kwa mzee, raketi bado iko juu.

Mpira nao ukanipita puani, unajiendea zake.

Nikaona kandambili za mzee zinakuja. Akachuchumaa. Akili ikaniruka, nikasema, "Shikamoo mzee." Nilishamwamkia asubuhi! Ila safari hii miguu yake ilikuwa karibu kweli.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Kumi na moja kwa mbili."

Wavu ukakatwa kwa mkasi, jirani nimemlipa, mchumba bado anacheka mpaka sasa. Mzee kaniambia nirudi Jumamosi, nije na fulana isiyo na vifungo.