Lengo la kiroho lisilo na jina la mtu ndani yake

Katika usharika ninaosali, Jumapili ya kwanza ya Januari tuligawiwa fomu yenye kichwa "Malengo yangu ya kiroho", karatasi moja iliyotolewa nakala mbele na nyuma, tukaombwa tuijaze nyumbani na kuirudisha juma linalofuata pamoja na bahasha ya ahadi. Nimeisoma fomu hiyo mara kadhaa. Inauliza nitasoma sura ngapi za Biblia kwa siku, nitafunga siku ngapi kwa mwezi, nitahudhuria mikesha mingapi, nitaleta watu wangapi kanisani na nitaongeza ahadi yangu kwa kiasi gani. Mbele ya kila swali pana mstari mfupi unaotosha tarakimu na si zaidi ya tarakimu. Hakuna swali hata moja kuhusu mtu ninayeishi naye kwa uchungu, au niliyemnyima neno la msamaha, au ambaye haki yake ningali nimeikalia.

Huenda ningenyamaza kama si jambo lililotokea siku hiyohiyo. Mnada ulikuwa unaendelea uani, kuku na mikungu ya ndizi ikiuzwa, ndipo binti mmoja anayefanya kazi za ndani kwa msharika mwenzetu aliponifuata akiwa na daftari, lile dogo la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Humo ameandika miezi yote ya mwaka uliopita, mwezi mmoja katika kila mstari, na mbele ya kila mwezi kiasi alicholipwa. Kuanzia Agosti hakuna kiasi, kuna vistari tu. Hakuja kushitaki. Alitaka kujua kama ni dhambi kumkumbusha mama mwenye nyumba habari ya mshahara wakati yuko kwenye mfungo, kwa sababu alikwisha kuambiwa kwamba anamvurugia maombi. Nilimjibu kwamba si dhambi, na kwamba Yakobo aliandika wazi juu ya ujira uliozuiwa kwa hila kuwa unapiga kelele, na kilio chake kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ameniruhusu niyaandike haya bila kumtaja yeye wala nyumba anayofanya kazi.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mama huyo ni mwombaji wa kweli. Nimemsikia akiomba alfajiri, akitaja wagonjwa mmoja mmoja kwa majina, wala siamini hata kidogo kwamba anaigiza. Fomu yake, akiijaza, itakuwa na tarakimu ambazo wengi wetu hatuzifikii, na ataitimiza hadi Desemba. Wala katika fomu nzima hakuna swali litakalomfikisha kwenye lile daftari.

Hapo ndipo ninapoona tatizo la malengo ya kiroho kama tunavyofundishwa kuyaweka. Yanamhusu mtu na nafsi yake tu: anayeyaweka ni yeye, anayeyapima ni yeye, na anayefurahi yanapotimia ni yeye. Luka ametuwekea watu wawili katika sura mbili zinazofuatana, na sijui kwa nini hatuwasomi pamoja tunapoingia mwaka mpya. Wa kwanza ni Farisayo aliyesimama hekaluni na kutaja malengo aliyokwisha kuyatimiza: anafunga mara mbili kwa juma, anatoa zaka katika mapato yake yote. Hakusema uongo. Wa pili ni Zakayo, ambaye hakutaja sura wala mfungo, bali alisimama mbele ya watu waliomfahamu vizuri, wengine wakiwa ndio hasa aliowatoza kupita kiasi, akasema: "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hilo nalo ni lengo lenye tarakimu, tena tarakimu kubwa kuliko zote za Farisayo, lakini wa kulithibitisha si Zakayo. Watalithibitisha watu wa Yeriko watakapokuja kugonga mlango wake.

Kuna mfano mwingine ambao kila ninapoufikiri hunitisha. Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani ambaye mahubiri na maandishi yake bado yanasomwa katika vyuo vya theolojia, alianza kuandika maazimio yake mwaka 1722, akiwa kijana wa takriban miaka 19. Kufikia Agosti 1723 yalikuwa 70, naye alijiwekea sharti la kuyapitia yote mara moja kila juma. Ni maazimio mazito. Mojawapo linamtaka asipoteze hata dakika moja ya wakati wake, na jingine linamtaka, kila atakapotenda uovu ulio dhahiri, aufuatilie nyuma mpaka afike kwenye chanzo chake. Watu wengi wanaofundisha juu ya malengo ya kiroho humtaja kama kielelezo, na kwa bidii alikuwa kielelezo kweli. Mwaka 1731, akiwa sasa mchungaji wa Northampton, Massachusetts, alisafiri hadi bandari ya Newport akanunua msichana Mwafrika wa umri wa takriban miaka 14, aliyeitwa Venus, kwa pauni 80. Hati ya mauziano ipo hadi leo.

Naomba tusilipite jambo hili haraka kwa kusema kwamba nyakati zile zilikuwa hivyo. Mtu huyu alikuwa amejichunguza kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tutakavyowahi kujichunguza. Alikuwa na azimio la kufuatilia uovu ulio dhahiri hadi mzizi wake. Lakini dhahiri kwa nani? Kwake yeye, kwa wazee wa kanisa lake, kwa majirani waliokuwa na hali kama yake. Kwa Venus uovu ule ulikuwa dhahiri tangu saa ya kwanza, ila Venus hakuwa na nafasi ya kuulizwa. Mwanafunzi wa Edwards, Samuel Hopkins, aliyeanza kuchunga kanisa katika mji uleule wa Newport mwaka 1770, alikuja kuwa miongoni mwa wachungaji wa kwanza huko kupinga utumwa hadharani. Biblia aliyoisoma ni ileile, na theolojia yake kwa sehemu kubwa alifundishwa na Edwards mwenyewe. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba mwalimu alipungukiwa sura za kusoma au siku za kufunga. Alichokosa ni mtu wa kumwambia lile ambalo maazimio 70 hayakumwonyesha, na yeye mwenyewe kuwa tayari kumsikiliza mtu huyo.

Wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki, walilijua jambo hili. Simwandikii mtu asiyewajua. Wengi wetu tuna bibi au babu aliyeokoka katika mikutano ile, tangu moto ulipotoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Buhaya, nchi ya Wahaya upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, na kusambaa Tanganyika na Kenya. Waliuita wajibu huu kutengeneza. Mtu akisema ameokoka, swali lililofuata halikuwa amesoma sura ngapi, bali ametengeneza na nani. Watu walirudisha mifugo waliyoiiba, walipeleka fedha kwa waajiri waliowaibia, waume waliwaomba msamaha wake zao mbele ya ndugu. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, Uganda, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli baada ya kuokoka, akasafiri mwendo mrefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Lile lilikuwa lengo la kiroho. Lilikuwa na jina la mtu na mahali pa kwenda, na ilijulikana kama limetimia au halijatimia, kwa maana ama umefika kwa mtu huyo ama hujafika.

Sisemi kwamba Uamsho haukuwa na makosa. Zipo jumuiya ambamo toba ya hadharani iligeuka kuwa kulazimishana, watu wakaaibishwa kwa mambo ambayo yangetosha kusemwa kwa mchungaji faraghani, na wako waliohukumiwa kwa nguo na nywele wakati mambo mazito yanafunikwa. Hayo yametuumiza na hayapaswi kurudi. Lakini tulipoyaacha tuliacha pia lile lililokuwa jema, tukabaki na mtu mmoja mmoja na karatasi yake.

Nakiri kwamba tarakimu zina kazi yake, ingawa nakiri kwa shingo upande. Biblia ina sura 1,189, na asiyepanga hataimaliza. Atakuwa anazunguka kwenye Zaburi ya 23 na Warumi 8 maisha yake yote. Ukisoma sura tatu kila siku na tano kila Jumapili, mwaka unatosha. Mwaka 1842 Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, aliwatungia washarika wake mpango wa kusoma Agano la Kale mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili, na mpango huo unatumika hadi sasa. Ninachompendea zaidi ni kwamba alipoutoa aliwaonya palepale juu ya hatari zake: kusoma kwa mazoea matupu, kujihesabia haki, na kuwa mzigo kwa wasioweza kuubeba. Fomu yetu haina onyo la namna hiyo. Kondakta anayetoka nyumbani saa kumi usiku kuliwahi gari, na mama mwenye mtoto mchanga asiyelala, watajaza sifuri au watajaza uongo, kisha watarudi kwao wakiamini kwamba Mungu anawaona wamedumaa.

Kuhusu idadi ya watu wa kuleta kanisani, niseme tu kwamba anayekuja ili mtu mwingine atimize idadi huligundua jambo hilo mapema. Na kiasi cha ahadi ni suala la bajeti ya usharika. Halipaswi kuwekwa kwenye ukurasa mmoja na ukuaji wa roho.

Paulo alipotaja tunda la Roho kwa Wagalatia alitaja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Nani anaweza kujipima uvumilivu akiwa peke yake chumbani? Wanaojua kama nimekua katika upole ni watoto wangu, fundi aliyekosea kazi yangu, na mlinzi ninayempigia honi usiku. Kwa sababu hiyo naomba wazee wa kanisa na wachungaji wetu, kabla ya kuchapa fomu ya mwaka ujao, waongeze maswali ya aina nyingine. Nimemkosea nani, na nitakwenda kwake lini? Ni nani ananidai mshahara, kodi, mkopo au radhi? Ni nani katika nyumba yangu aliyenyamaza kwa sababu ananiogopa? Majibu yasirudishwe kwenye bahasha wala yasikusanywe ofisini. Yabaki kwa mhusika na kwa ndugu wawili au watatu wa jumuiya anaowaamini, ambao watamwuliza kwa upendo, uso kwa uso, kabla Kwaresma haijaisha, amefikia wapi. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliwaandikia watu wake kanuni za vikundi vidogo kama hivyo mwaka 1738, na swali la kwanza la kila juma lilikuwa ni dhambi gani unayoijua umeitenda tangu tulipokutana. Tunazo jumuiya tayari, zinakutana kila juma nyumba kwa nyumba, na mara nyingi tunazitumia kwa somo, matangazo na michango peke yake.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe pamoja na haya, na nalisema kwa uzito wote. Kutengeneza ni wajibu wa aliyekosa. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiwekewe lengo la kupatana na anayempiga, na mfanyakazi aliyedhulumiwa asiambiwe kwamba ukuaji wake wa kiroho ni kusamehe mshahara. Nimesikia mashauri ya namna hiyo yakitolewa kwa jina la Kristo, na yamewarudisha watu kwenye mateso. Zakayo ndiye aliyesimama na kutamka kwamba atarudisha. Hakuna aliyewaendea maskini wa Yeriko kuwashauri wasidai. Kwa hiyo jina la kwanza kwenye orodha yetu lisiwe la aliyetuudhi, liwe la mtu ambaye, akiombwa leo aeleze tulivyomtendea, angetazama kwanza pembeni kuona kama tuko karibu tunamsikia.