Askari "asiyekuja" kliniki

Yakitajwa matibabu ya akili ya askari wa Marekani waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan, lawama huwa ileile: tiba ipo, serikali inagharamia, wao ndio hawaji. Utafiti wa mwaka 2010 ndio unaotolewa kuwa ushahidi. Kati ya askari wa zamani 49,425 waliogundulika kuwa na kiwewe cha vita, ni asilimia 9.5 tu waliohudhuria vikao 9 au zaidi vya tiba ndani ya wiki 15.

Lawama hiyo haikutoka hewani. Tiba ya mazungumzo inataka mfululizo. Wengi wanaoimaliza hupata nafuu, na kuna askari ambao kweli wanaona haya kukiri kwamba hawalali usiku.

Ila hiyo 9.5 imenisumbua. Vikao 9 kwa wiki 15 ni kuomba ruhusa kazini zaidi ya mara mbili kwa mwezi, bila kukosa. Ukiwahesabu watu walewale kwa mwaka mzima, waliofikisha vikao 9 wanapita robo. Wamepona ukaidi ghafla? Na waliokosa zaidi ni akina nani? Vijana wa chini ya miaka 25, wanaoishi mbali na hospitali, na wale waliopimwa na daktari wa kawaida badala ya kliniki ya akili. Kuishi mbali si ukaidi. Ni mafuta ya gari.

Halafu kuna tiba yenyewe. Katika njia moja inayotumika sana, mgonjwa hufumba macho akasimulia tukio lililomvunja, huku akirekodiwa. Rekodi anakwenda nayo nyumbani, aisikilize kila siku: sauti yake mwenyewe, jikoni, watoto wamelala. Akikosa kikao cha nne, mimi simwiti mvivu.

Marekani yenyewe iling'amua hili zamani. Wapiganaji wa Vietnam walipokwepa hospitali za serikali, mwaka 1979 vilianzishwa vituo vidogo vya ushauri huko mitaani, ambako mara nyingi anayekupokea naye alikwenda vitani. Leo viko takriban 300. Kumbukumbu zake hutengwa na za hospitali kwa makusudi, ili mtu aseme yake bila hofu. Kwa hiyo askari anayekwenda huko kila Alhamisi, kwenye daftari la hospitali anaweza kuhesabiwa kuwa hajatokea.