Dubu aliyezua ubishi Mwanga

Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Taa ya kuwavutia dagaa haina kazi usiku mweupe, kwa hiyo wanabaki nchi kavu kulala, kunyoa na kubishana. Ndiyo maana kibanda cha kinyozi ninapopigia soga hapa Mwanga, Kigoma, siku hizo hakina pa kukaa, na ndiyo maana ubishi wa kitabu changu cha katuni ulichukua siku nne badala ya dakika kumi.

Kitabu kaniletea mpwa wangu kutoka Dar, kwa treni, kimeviringishwa ndani ya khanga ya mama yake. Ni mkusanyo wa The New Mutants, hadithi za Marvel za vijana wenye vipawa vya ajabu, kuanzia toleo la 18 la mwaka 1984. Mwandishi ni Chris Claremont. Mchoraji ni Bill Sienkiewicz, jina ambalo kila mtu kijiweni alilitamka kivyake hadi tukakubaliana kumwita Mzee wa Dubu.

Kwa asiyeijua hadithi yenyewe: msichana wa kabila la Cheyenne, Danielle Moonstar, anaandamwa na dubu wa kishetani tangu utotoni. Usiku mmoja anaamua liwalo na liwe, anabeba upinde wake, anatoka peke yake kwenye theluji kumkabili. Sasa huyo dubu. Hana manyoya ya kuhesabika wala miguu ya kueleweka. Ni weusi uliosimama, bega lake kama mlima, na mbele yake msichana amebaki kama punje ya mchele kwenye karatasi nyeupe.

"Huyu hajui kuchora," alisema fundi wa mabango.

Fundi si mtu wa kupuuzwa. Nusu ya mabango ya barabara hii ni mkono wake, pamoja na vile vichwa vinne vya mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kinyozi, masikio yote sawasawa kama yamepimwa kwa rula. Akaweka kidole gumba kwenye mkono wa msichana mmoja, akapima, akakihamishia mguuni. "Mkono umezidi mguu. Mimi nikimchorea mteja hivi, hela sipati." Vijana wa bodaboda wakacheka, kesi ikaonekana imekwisha.

Marekani nako walibishana. Matoleo yaliyotangulia, kuanzia la 4 hadi la 17, yalichorwa na Sal Buscema, mtu wa mistari safi: ngumi unaijua ni ngumi, ukuta unaujua ni ukuta. Halafu mwezi mmoja msomaji anafungua gazeti lake alilolizoea, anakuta wino umerushwa na kukwaruzwa, nyuso zimevutwa kama utomvu. Walikuwepo walioona wameibiwa hadithi yao, na walikuwepo walioona ndiyo kwanza inaanza. Nawaelewa wa upande wa kwanza kuliko ninavyopenda kukiri. Umepanda basi la Kasulu, dereva anakata kona kuelekea Uvinza bila kusema neno, lazima upige kelele, hata kama Uvinza ni kuzuri.

Kilichoniudhi ni utetezi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, mjanja wa simu, alimtafutia fundi kurasa za Moon Knight, kazi ya Sienkiewicz ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kule anachora kwa unadhifu, anamfuata mchoraji Neal Adams karibu hatua kwa hatua, misuli na vivuli vyote mahali pake. Fundi akatazama kimya, akarudisha simu. "Aa. Kumbe anajua. Basi hapa anafanya makusudi." Kijiwe kizima kikaridhika.

Mimi sikuridhika, na nilisema, na sauti ilipanda. Utetezi huo unampa fundi ushindi huku ukijifanya unamshinda. Unasema mchoro wa kufanana na picha ya kamera ndio mchoro wa kweli, na huu mwingine ni utundu anaoruhusiwa mtu aliyekwisha kuonyesha cheti. Hayati George Lilanga na mashetani yake ya Kimakonde, midomo mipana na masikio kama majani ya mgomba, nani aliwahi kumwambia atuchoree kwanza uso wa pasipoti?

Tena sisi wenyewe tumekulia kwenye Sani, gazeti la katuni. Lodilofa, Pimbi, Ndumilakuwili: yupo kati yao mwenye mwili wa kawaida? Fundi alizisoma zote, anazikumbuka kuliko mimi, na hakuna siku alipima mkono wa Pimbi kwa kidole gumba. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu upesi: "Zile za kuchekesha, mdogo wangu."

Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana na watu wengi. Tumempa mchoraji ruhusa ya kuuvunja mwili ili tucheke. Akiuvunja ili tuogope, tunamwita mbovu. Na hofu ndiyo inayohitaji ruhusa hiyo zaidi, maana anayeogopa hapimi. Isitoshe, hapa kwetu dubu hayupo. Tunao sokwe wa Gombe, tunao viboko, lakini dubu tunamjua kwa vitabu vya shule, kapigwa picha ubavuni, mpole kama ng'ombe. Angechorwa hivyo kwa ustadi wote wa dunia, pale kibandani asingemtisha hata mtoto aliyeletwa kunyolewa.

Aliyenisaidia hakuwa na habari na Marvel. Mvuvi mmoja, mtu mzima, muda wote alikuwa ananyolewa ndevu na hakusema kitu. Alipomaliza akaomba kitabu, akakaa na ule ukurasa wa dubu kwa muda. Kisha akasema, "Upepo ukikukuta usiku katikati ya ziwa, sura huioni. Unaona giza linainuka. Hivi hivi." Akalipa, akaondoka.

Sisemi kila ukurasa umefaulu. Kuna mahali vijana wanapigana na nimerudi nyuma mara mbili kujua nani kamrusha nani, na hilo ni kosa, kwa sababu katuni ni hadithi na msomaji asiyejua kilichotokea ameachwa njiani. Elektra: Assassin, aliyoichora Sienkiewicz baadaye kwa hadithi ya Frank Miller, akachanganya rangi za maji na kila kilichomfikia mkononi, niliianza nikaitupa, nikairudia baada ya mwaka. Lakini hayo ni malalamiko ya kuzungumza ukurasa kwa ukurasa. "Hajui kuchora" haizungumzi na ukurasa wowote.

Mwezi umeshapungua, wavuvi wamerudi ziwani, kibanda kimetulia. Kitabu sinacho. Fundi alikiazima kwa siku mbili ili aniwekee alama kwenye makosa, kwa penseli alisema, na hii ni wiki ya tatu. Jana nimepita kwake nikakuta bango la duka la samaki linakauka juani. Mgebuka ule, mkia tu ulikuwa mkubwa kuliko mwili.