Mwanasheria wa taasisi ya umma, andika kisha weka sahihi

Ukimwambia mtu kuwa wewe ni mwanasheria wa taasisi ya serikali, anachofikiria haraka ni mahakama: joho, hoja nzito, jaji anaandika. Wengi wetu hupita miezi mingi bila kusimama mbele ya jaji yeyote. Kesi kubwa mara nyingi huendeshwa na ofisi kuu ya sheria ya serikali au na mawakili wa kukodiwa, na sisi wa ndani tunabaki kutafuta nyaraka, kuandaa mashahidi na kueleza kwa nini barua fulani haionekani masijala. Muda wetu mwingi unaishia kwenye mikataba, zabuni, nidhamu za watumishi, kanuni zinazosubiri kutangazwa, na madokezo, yale maandishi ya ndani ya faili ya kumshauri anayeamua. Madokezo hasa.

Ndiyo maana nadhani mwanasheria wa namna yetu apimwe kwanza kwa karatasi alizoacha kwenye faili, ndipo kwa kesi alizoshinda. Kuna mtindo umezoeleka sana katika kazi hii wa kutoa ushauri kwa mdomo, au kuuandika halafu kuuacha rasimu milele. Naona mtindo huo ni hatari kuliko ujinga wa sheria. Asiyejua sheria atasahihishwa na mahakama au na mwenzake. Aliyejua na hakuandika hana wa kumsahihisha, kwa sababu kwenye kumbukumbu hayupo.

Chukua mkataba wa kawaida wa huduma. Faili linaingia ofisini jioni, siku ya mwisho wa wiki, likiwa na kikaratasi cha njano: "Wakili, tupitishie leo tafadhali." Unafungua. Kifungu cha malipo kinasema mkandarasi atalipwa sehemu kubwa kabla ya kazi. Hakuna dhamana ya utekelezaji, ile ya kuilinda taasisi mkandarasi asipomaliza kazi. Kifungu cha usuluhishi kinaipeleka migogoro kwenye baraza la nchi nyingine, kwa lugha na gharama ambazo taasisi haikuzipangia bajeti. Kisha unafika kwenye tarehe ya kuanza kazi na kukuta ilishapita. Mkandarasi yuko kazini tayari, na wewe unaombwa ubariki kitu kilichokwishazaliwa.

Hapo ndipo simu inapolia. "Usiandike kwanza, njoo tuongee."

Sina ubaya na mazungumzo. Mambo mengi hunyooka kwa kukaa na mkuu wa kitengo dakika chache, na mwanasheria anayejibu kila swali kwa kurasa sita anachosha watu bure. Shida iko kwenye kinachofuata baada ya mazungumzo. Ukisema mdomoni kwamba kifungu hiki ni hatari, kila aliyekuwa chumbani ataondoka na tafsiri yake. Mmoja atasema ulikataa. Mwingine atasema ulishauri marekebisho madogo. Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopa, ataandika kwenye dokezo lake kwenda juu: "Mwanasheria ameshapitia." Sentensi hiyo fupi inabeba uzito mkubwa kuliko mkataba wenyewe. Haisemi umekubali, haisemi umekataa. Wakaguzi wakija, itakuwa kinga ya kila mtu isipokuwa wewe.

Mfano mkubwa zaidi ninaoujua wa madhara ya ushauri uliofifia ni ule wa Australia, mpango uliokuja kuitwa Robodebt. Serikali iliamua kusaka watu waliodhaniwa kulipwa ruzuku ya ustawi wa jamii kupita kiasi. Badala ya kuangalia mapato halisi ya kila wiki mbili, ambayo ndiyo sheria iliyatumia kama kipimo, mfumo ulichukua mapato ya mwaka kutoka mamlaka ya kodi na kuyagawa sawasawa. Aliyefanya kazi miezi sita na kukosa kazi miezi sita akaonekana alikuwa na kipato mwaka mzima, hivyo anadaiwa. Zaidi ya hapo, yeye ndiye alitakiwa kuthibitisha kwamba hadaiwi.

Kinachoniuma kama mwanasheria ni kwamba wanasheria wa ndani waliliona hilo mapema. Mwishoni mwa 2014, kabla mpango haujaanza, ushauri ndani ya wizara yenye dhamana ulisema kukokotoa kwa wastani namna hiyo hakupatani na sheria. Mpango ukaenda mbele 2015 bila sheria kubadilishwa. Mwaka 2018 wizara ikaomba maoni ya kampuni ya mawakili wa nje, nayo ikaleta rasimu yenye jibu lisilopendeza. Rasimu hiyo haikukamilishwa. Ilibaki rasimu. Na kwa kuwa ilikuwa rasimu, kila aliyetaka angeweza kujiambia kwamba hakuna ushauri rasmi unaosema mpango ni haramu. Septemba 2019 mwanasheria wa serikali wa ngazi ya juu, yule anayeitetea kwenye mahakama kuu, aliposema kwa maandishi kwamba msingi wa kisheria haupo, mambo yalianza kusimama. Novemba mwaka huohuo mahakama ya shirikisho ikatoa amri dhidi ya serikali, kwa ridhaa ya serikali yenyewe. Mei 2020 serikali ikatangaza kurudisha takriban dola za Australia milioni 721, kwa madeni yapatayo 470,000. Tume ya kifalme, yaani tume ya uchunguzi ya ngazi ya juu nchini humo, chini ya Catherine Holmes ilitoa ripoti Julai 2023, na haikuwaonea aibu watu wa sheria. Ilikosoa waziwazi tabia ya kuuacha ushauri kwenye hali ya rasimu ili usilete usumbufu.

Mimi huwa najiuliza nani hasa aliinua mkono na kusema: tuiache hivi hivi. Pengine hakuna. Ndivyo rasimu zinavyofanya kazi. Hakuna anayeamua kuzificha, kila mmoja anasubiri mwingine aulize, na miezi inapita barua pepe zikizeeka.

Wapo watakaosema kazi ya mwanasheria ni kumtumikia bosi wake, na bosi akisema asubiri, anasubiri. Lakini mteja wako ni nani? Swali hili linaonekana la darasani mpaka siku linapokugusa. Marekani mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Washington ilimwambia Bruce Lindsey, naibu mwanasheria wa Ikulu wakati wa Rais Clinton, kwamba hawezi kutumia usiri wa wakili na mteja kukataa kutoa ushahidi mbele ya baraza la uchunguzi wa jinai. Mahakama iliona kwamba mwanasheria anayelipwa na umma ana deni kwa umma pale uhalifu ndani ya serikali unapochunguzwa. Mwaka 2005 mahakama nyingine ya rufaa ya nchi hiyohiyo, ya New York na majimbo jirani, ikaona kinyume: usiri huo una maana kwa serikali pia, kwa sababu bila huo viongozi wataogopa kuuliza. Majaji wenyewe hawakubaliani. Kwangu msimamo ni huu: mteja ni taasisi, na taasisi itakuwepo bosi akishahamishwa. Atakayekuja kukaa kwenye kiti kile ana haki ya kufungua faili na kukuta uliandika nini.

Kuna watu waliofanya hivi vizuri chini ya shinikizo ambalo wengi wetu hatutalionja. Kabla ya vita vya Iraq, mshauri mkuu wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, Michael Wood, aliandika Januari 2003 kwamba kutumia nguvu bila idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kungekuwa uchokozi kwa mujibu wa sheria ya kimataifa. Waziri wake, Jack Straw, alimjibu kwa maandishi kwamba ameuona ushauri huo ila haukubali. Elizabeth Wilmshurst, naibu wa Wood, aliandika barua ya kujiuzulu mwezi Machi. Wood mwenyewe akabaki kazini.

Watu humsifu Wilmshurst, na anastahili. Ila mimi huvutiwa zaidi na jibu la Straw, hata kama nadhani alikosea. Waziri alipewa ushauri, akaukataa, akaweka jina lake chini ya kukataa kwake. Miaka baadaye tume ya uchunguzi ilipoketi, karatasi zote mbili zilikuwepo mezani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwanasheria hana mamlaka ya kuamua sera, na wale wanaojifanya wanayo huwa kero ya aina yake. Wajibu wake ni kuhakikisha anayeamua ameambiwa, na kwamba uamuzi una mwenyewe. Kuondoka au kubaki ni hesabu ya dhamiri ya mtu na mahitaji ya nyumba yake. Simlaumu aliyebaki, ilimradi aliandika.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la wenzangu wanaosema maandishi ni silaha mkononi mwa mpinzani. Usiri wetu hauna uhakika. Mahakama ya Haki ya Ulaya, kwenye kesi ya Akzo Nobel ya mwaka 2010, ilishikilia kwamba katika uchunguzi wa ushindani wa kibiashara mawasiliano na mwanasheria mwajiriwa hayalindwi kama yale ya wakili wa nje, kwa hoja kwamba mwajiriwa hawezi kuwa huru na mwajiri wake kwa kiwango kilekile. Kesi ilihusu kampuni, lakini mashaka yale yanatunyemelea sisi pia. Ongeza sheria za haki ya kupata taarifa, ongeza mkaguzi, ongeza kamati za bunge. Dokezo lako linaweza kusomwa siku moja na mtu ambaye hukumwandikia.

Ni kweli. Lakini hoja hiyo ukiifuata hadi mwisho inakuambia usiandike chochote popote. Na hapo katikati watu wamebuni njia mbaya kuliko zote, ile ya kuandika sana bila kusema kitu. Mmesoma madokezo hayo. Yanaanza na historia ya sheria, yanapita kwenye vifungu kumi, kila aya ina "hata hivyo" na "endapo", na mwisho yanashauri kwamba "menejimenti izingatie taratibu zilizopo." Taratibu zipi? Mwandishi amejilinda na msomaji hajapata kitu. Afadhali hata ushauri wa mdomo, maana ule angalau ulikuwa na jibu.

Nikiandika, jibu linakaa aya ya kwanza: ndiyo, hapana, au ndiyo kwa masharti haya. Kisha sababu, kwa ufupi. Kisha njia mbadala, kwa sababu mkuu wa manunuzi hakuja kusikia hapana, amekuja na tatizo lake na tarehe ya mwisho. Ule mkataba ambao kazi ilishaanza, kwa mfano, unaweza kusainiwa kuanzia leo kwa kazi iliyobaki, na kazi iliyofanyika bila mkataba ikapelekwa mbele ya mamlaka inayoruhusiwa kuidhinisha, ikiwa sheria inatoa mlango huo. Kurudisha tarehe nyuma hakuko kwenye orodha, na nalitaja hilo kwa jina ili asije mtu akasema hakuambiwa. Halafu tarehe, sahihi, na nakala masijala. Ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili. Nikishaongea na mtu kwa mdomo, siku hiyohiyo namtumia mistari mitatu: tulizungumza hiki, nilishauri hivi, nirekebishe kama nimeelewa vibaya. Wengi hawajibu. Haidhuru, kumbukumbu ipo.

Wanasheria wachanga huuliza wafanye nini bosi akiwaambia waondoe aya fulani. Inategemea aya. Kama anasema lugha ni kali, punguza ukali, usiwe na kiburi cha maneno. Kama anasema sheria umeisoma vibaya, sikiliza, huenda ana haki. Kama anataka jibu ligeuke na sheria haijageuka, mwombe kwa adabu aandike maoni yake chini ya yako kwenye dokezo lilelile. Mara nyingi sana hataandika, na aya yako itabaki ilipo.

Kuna kanuni moja ningependa kuiona kwenye kila kitengo cha sheria cha serikali. Rasimu ya ushauri ikifikisha siku 30 bila kukamilishwa, ama ikamilishwe na kusainiwa, ama aliyeiomba aandike kwenye faili kwa nini haihitaji tena, kwa jina lake na tarehe. Nimewahi kulipendekeza hili kwenye kikao. Mmoja wa wakuu alisema litaongeza urasimu. Nikamwomba aliandike hilo kwenye muhtasari wa kikao, na ajenda ikaahirishwa.