Detroit wanataja hadi mpiga besi

Naishi Detroit mwaka wa kumi na mbili sasa, na ndugu yeyote akija kunitembelea nampeleka West Grand Boulevard kuiona nyumba ya Motown, kampuni ya kurekodi muziki. Ni nyumba ya kawaida kabisa. Berry Gordy aliinunua mwaka 1959, na chumba cha kurekodia bado kipo. Siku ya kwanza kuingia mle nilitokwa machozi, nikiwaza studio ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, kule Barabara ya Pugu, zilikorekodi bendi zetu za dansi: Juwata, Vijana Jazz na Mlimani Park. Sijawahi kusikia mwanafunzi wa Dar aliyepelekwa kuiona.

Kwa ufundi, sikubali kwamba walituzidi. Wimbo wa Motown ulibanwa kwenye dakika tatu hivi ili redio iupige. Wa Sikinde, yaani Mlimani Park, ulianza taratibu: mwimbaji Hassan Bitchuka anakusimulia kisa kizima cha ndoa, na wewe pale ukumbi wa DDC Kariakoo umetulia kama uko barazani unaamua kesi. Halafu ridhimu inabadilika, solo linapanda, tarumbeta zinaitikia. Chemko hiyo! Hakuna anayebaki kitini. Kwenye santuri ndogo ilibidi ugeuze upande wa pili ndipo uifikie. Na kila bendi ilikuwa na mtindo wake, Msondo, Ndekule, Kamanyola, hata ndugu wa tumbo moja walipingana.

Redio binafsi zilipoingia mwaka 1994, vijana wa kurap wakapata pa kusikika, na kinanda kikachukua kazi ya tarumbeta. Siwalaumu, nao wanasimulia visa kwa Kiswahili chetu.

Linaloniuma ni majina. Motown nao waliwaficha wapigaji wao kwa miaka. Hadi mwimbaji wao Marvin Gaye alipotoa albamu ya What's Going On mwaka 1971 ndipo wakaandikwa kwenye jalada. Leo jina la James Jamerson, mpiga besi, mmoja wao, linatajwa kwa heshima mjini hapa. Kwetu zilipendwa zikipigwa, mtangazaji anataja bendi, akijitahidi sana anamtaja mwimbaji, Gurumo. Said Mabera, aliyelifanya gitaa la Msondo, yaani Juwata, liongee, hatajwi.

Baba mdogo yuko Magomeni. Jumapili nampigia simu, tunasikiliza wimbo pamoja, naye ananitajia nani yuko kwenye solo, nani kwenye tumba, kabla chemko haijaanza. Naandika. Daftari lina kurasa sita.