Yoga bila maadili: tunachukua nini kutoka hekima ya kale ya India?

Katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi kongwe kabisa, yaani maandiko ya kale ya hekima ya Wahindu, mwanazuoni aitwaye Yajnavalkya anajiandaa kuihama nyumba yake akaishi maisha ya utawa. Ana wake wawili, Maitreyi na Katyayani, na anataka kuwagawia mali kabla hajaondoka. Maitreyi hakimbilii kupokea. Anauliza: bwana wangu, kama dunia hii nzima pamoja na utajiri wake wote ingekuwa yangu, je, ningeepukana na mauti? Yajnavalkya hamfichi. Hapana, anamjibu, ungeishi kama wanavyoishi matajiri, lakini kutokufa hakupatikani kwa mali. Basi, anasema Maitreyi, nitakifanyia nini kitu kisichonifikisha huko? Nifundishe hicho unachokijua wewe.

Anachofundishwa si maneno ya kumtuliza. Anaambiwa kwamba mume hapendwi kwa ajili ya mume mwenyewe, wala mke kwa ajili ya mke, wala watoto, wala mali. Vyote hivyo mtu huvipenda kwa ajili ya nafsi. Kwa hiyo nafsi ndiyo inayostahili kutazamwa, kusikiwa, kufikiriwa na kutafakariwa. Wataalamu wengi huyaweka mazungumzo haya katika karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, na mpaka leo yanachoma. Mtu aliyezoea kusema kwamba anajinyima kwa ajili ya familia anadaiwa ajichunguze kwanza: anaipenda familia, au anapenda kujiona baba mwema?

Maitreyi aliwekewa mali mbele yake akauliza itamfikisha wapi. Sisi hekima hiyohiyo tunaletewa kama sehemu ya mali: programu ya simu ya kutafakari dakika kumi, darasa la yoga la mwisho wa juma, semina ya wafanyakazi kuhusu msongo wa mawazo. Wapo wanaoshukuru kwamba imetufikia, hata kwa sura hiyo. Wapo wanaosema imechujwa mpaka haina kitu, na wengine wanasema ilikuwa na sumu tangu mwanzo. Kila upande una hoja nzito, ila sioni kwamba uzito wao ni sawa.

Njia iliyopita hekima hii kufika kwenye simu zetu inajulikana. Mwaka 1893 Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alihutubia mkutano wa dini za dunia mjini Chicago, na mwaka 1896 kitabu chake kuhusu Raja Yoga kikawapa wasomaji wa Magharibi yoga kama elimu ya akili, mtu aijaribu mwenyewe aone. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Alichukua taamuli, yaani kutafakari, ya Kibuddha, akaivua mavazi ya dini. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ukatangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Katika kila hatua hekima hii ilipata watu wengi zaidi, na katika kila hatua kuna kitu kilipunguzwa.

Wanaoitetea wana haki ya kusikilizwa, kwa sababu ndani yake kuna zana za kazi. Katha Upanishadi inasimulia habari za kijana Nachiketa aliyekwenda mpaka nyumbani kwa Yama, mungu wa mauti, akakaa siku tatu bila kupokelewa, na kwa usumbufu huo akapewa maombi matatu. Ombi la tatu lilikuwa ajue kinachobaki mtu anapokufa. Yama akajaribu kumhonga kwa dhahabu, farasi na maisha marefu; kijana akakataa. Ndipo akafundishwa kwamba mwili ni gari la farasi, busara ni mwendeshaji, akili ni hatamu, na hisi ni farasi wenyewe. Mwenye gari amekaa ndani, wala si farasi.

Jambo hilo lina kazi usiku wa leo. Saa nne umejilaza, simu inalia. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, shemeji ametuma orodha ya waliotoa mchango wa harusi, na chini yake majina ya ambao bado. Jina lako lipo. Kifua kinapanda, vidole vimeshaanza kuandika jibu. Ramana Maharshi, mtawa wa Tamil Nadu aliyefariki mwaka 1950, angekuuliza: hasira hii imemjia nani? Utasema, imenijia mimi. Naye: huyo mimi ni nani? Swali halina jibu la haraka, na hapo ndipo lilipo faida yake. Unapomtafuta huyo aliyetukanwa, unakuta kuna aibu, kuna kumbukumbu ya mwaka ambao wewe ndiye uliyechangia zaidi ya wote, kuna hofu ya mama atakavyosikia. Vyote hivyo unavitazama. Basi anayevitazama hajamezwa navyo. Jibu unaweza kuandika baadaye, na litakuwa jingine.

Ramana mwenyewe hakulipata swali hilo kwenye kitabu. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 16, hofu ya kifo ilimshika ghafla nyumbani kwa ami yake mjini Madurai. Badala ya kukimbilia watu, alijinyoosha chini kama maiti, akabana pumzi, akajiuliza: mwili huu ukifa, mimi nimekufa? Wiki chache baadaye aliondoka kwenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakuondoka huko maisha yake yote.

Vipimo vya kisayansi vinakubali kiasi. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500: mafunzo ya taamuli yalipunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini hayakuonekana kushinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown uliotoka mwaka 2017 uliwasikiliza watafakari waliopata taabu: wengine walishikwa na hofu kali, wengine walihisi nafsi yao imepotea. Kwa hiyo mwenye sonona kali apelekwe kwa daktari. Kumkalisha peke yake ajiulize yeye ni nani ni kumwongezea mzigo.

Kuna pia wasiwasi wa kidini, na kwa wasomaji wa Kiswahili, wengi wao Waislamu na Wakristo, si wa kupuuzwa. Lakini swali hili lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Al-Biruni, mwanazuoni Mwislamu, aliitafsiri kwa Kiarabu kazi ya Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, kuhusu yoga mapema katika karne ya 11, akiwa na nia ya kuieleza kwa uaminifu bila kuifuata. Mwaka 1657 Dara Shikoh, mwana wa Shah Jahan, mfalme wa India aliyejenga Taj Mahal, alikamilisha tafsiri ya Upanishadi hamsini na ushei kwa Kiajemi, akiamini zinaafikiana na tauhidi ya Qur'ani. Miaka miwili baadaye nduguye Aurangzeb, waliyegombania naye kiti cha enzi, alimwua, na uasi wa dini ulikuwa miongoni mwa mashtaka. Mimi naona njia ya Al-Biruni inatutosha. Kuzaliwa upya, na nafsi ya mtu kuwa kitu kimoja na asili ya vyote, ni mafundisho mazito yanayopingana na imani zetu waziwazi, na mtu akichota hapo ajue anachochukua na anachoacha.

Tena hatuchoti kisima kimoja. Buddha alikana kwamba kuna nafsi ya kudumu ya kutafutwa. Wacharvaka, wafuasi wa falsafa nyingine ya kale ya India, walisema hakuna kitu zaidi ya mwili, na kwamba makuhani wanakula kwa ujinga wa watu. Nao pia ni wahenga wa India. Ukisikia mtu anatangaza kwamba "hekima ya kale ya India inasema", muulize ni ipi.

Hoja inayonikaa moyoni kuliko zote, hata hivyo, ni ya matabaka ya kuzaliwa. Upanishadi iitwayo Chandogya ndiyo yenye simulizi ya Uddalaka na mwanawe Shvetaketu. Baba anamwambia mwana atie chumvi kwenye maji, asubuhi aionje juu, katikati na chini. Haionekani, lakini imo kote. Ndivyo kilivyo kiini cha vyote, anamwambia, na wewe, Shvetaketu, ndiwe hicho. Ni mafundisho mazuri mno. Lakini sura moja tu kabla ya hapo, kitabu hichohicho kinasema kwamba waliotenda mabaya watazaliwa katika tumbo la mbwa, la nguruwe, au la Chandala, yaani mtu wa tabaka lililotengwa. Mtu amewekwa safu moja na mbwa, na akaambiwa ameyataka mwenyewe katika maisha yaliyopita.

Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa kwenye jamii iliyotengwa hivyo na baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, hakuhitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, yeye na wenzake walichoma hadharani nakala ya Manusmriti, kitabu cha sheria kilichohalalisha matabaka. Swali lake linamgusa yeyote anayefundisha utulivu wa ndani: aliyekatazwa kuchota maji kwenye bwawa la wote anahitaji kutulia, au anahitaji maji? Swali hilo limehamia maofisini. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili anaitwa kwenye semina ya kuvuta pumzi, na mstari wa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, usemao una haki juu ya kazi wala si juu ya matunda yake unasomwa kana kwamba uliandikwa na mwajiri. Kwenye Gita maneno hayo anaambiwa Arjuna, shujaa aliyetupa upinde wake chini na kukataa kutenda, ili ainuke. Kumtuliza nayo anayedai haki yake ni kuyageuza juu chini.

Je, hilo linatosha kuitupa hekima yote? Nasema hapana, na sababu yangu iko ndani ya kazi ya Patanjali. Yoga Sutra ina vifungu takriban 195. Vinavyohusu mkao wa mwili ni vitatu tu, navyo vinataka mkao uwe imara na wa raha. Njia yake ina viungo vinane, na cha kwanza si mkao wala pumzi. Ni maadili matano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia tamaa ya mwili, na kutojilimbikizia. Patanjali anaongeza kwamba nadhiri hiyo ni kuu na ya kila mahali, haipunguzwi na nasaba ya mtu, wala nchi, wala wakati, wala hali. Mtu anayesema kweli kwa wakubwa na kuwadanganya wadogo hajaingia hata mlangoni.

Hiki ndicho tulichokiacha. Darasa la wikendi linaanzia kiungo cha tatu na cha nne, mkao na pumzi, na programu ya simu inarukia cha sita na cha saba, kukaza fikra na kutafakari. Upungufu huo si wa kitaaluma. Mtu anayejilimbikizia mali ya wengine hawezi kujitazama kwa dhati, kwa sababu kila anachokikuta ndani lazima akipe jina jingine ili alale. Tukirudi kwenye ile orodha ya michango, swali la Ramana litakutuliza hata kama fedha unazo na umeamua tu kuzikalia. Ni sharti la kusema kweli litakalokuambia utume, au upige simu useme huna.

Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, Ambedkar aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Mpinzani mkali wa urithi wa India akachagua kipande cha urithi huohuo, na hakukichukua kizima: katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1957, baada ya kifo chake, alikataa fundisho kwamba unyonge wa mtu ni malipo ya maisha yaliyopita. Siku ile ya Nagpur aliwaapisha wafuasi wake viapo 22, na miongoni mwake vilikuwamo hivi: sitaiba, sitasema uongo, nitawahurumia viumbe wote wenye uhai, nitaamini kwamba binadamu wote ni sawa.