Watu wakiwa wengi, nani atasaidia? Maabara na mtaa vina majibu mawili

Mwanafunzi anayeanza saikolojia ya jamii hukutana mapema sana na jina la Kitty Genovese. Alikuwa msimamizi wa baa, mwenye umri wa miaka 28. Alfajiri ya Machi 13, 1964 alishambuliwa kwa kisu nje ya nyumba alimokuwa akiishi, mtaa wa Kew Gardens, Queens, New York, akafa. Wiki mbili baadaye gazeti la The New York Times liliandika kwamba majirani 38 walitazama kwa zaidi ya nusu saa na hakuna aliyepiga simu polisi wakati anashambuliwa. Vitabu vingi vya utangulizi vikaichukua habari hiyo kama ilivyo, vikaifanya mlango wa kuingilia somo zima la kwa nini watu hawasaidiani.

Habari yenyewe haikuwa sahihi. Jirani mmoja alipiga kelele dirishani na muuaji akakimbia, kisha akarudi. Shambulio la pili lilifanyika ndani, kwenye ujia wa nyuma ya jengo, mahali ambapo majirani wengi wasingeweza kuona. Jirani mwingine, Sophia Farrar, alishuka mbio akamkumbatia Kitty akiwa anakata roho, bila kujua kama muuaji bado yuko karibu. Mwaka 2007 Rachel Manning, Mark Levine na Alan Collins walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za kesi na kuonyesha kwamba hadithi ya mashahidi 38 waliokaa kimya haina ushahidi.

Je, hadithi ikianguka, utafiti uliozaliwa nayo unaanguka pia? Hapana. Utafiti ule haukutegemea ukweli wa habari ya gazeti. Habari ilizua swali tu, na jibu lilitafutwa kwingine.

Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walilitafuta kwa jaribio walilolichapisha mwaka 1968. Mwanafunzi anaingizwa peke yake kwenye chumba kidogo, anavaa vipokea sauti, anaambiwa kwamba atajadiliana na wanafunzi wenzake kuhusu matatizo ya maisha ya chuo katika jiji kubwa. Kila mmoja yuko chumba chake, anaelezwa, ili watu wasioneane haya. Wanazungumza kwa zamu. Kijana mmoja anataja, kwa aibu kidogo, kwamba husumbuliwa na kifafa. Zamu yake inaporudi anaanza kugugumia, anaomba msaada, anakabwa, kisha kimya. Sauti zote hizo ni za kanda. Katika vyumba vingine hakuna mtu. Kitu kimoja tu ndicho kilichobadilishwa: idadi ya watu ambao mshiriki anaamini kwamba nao wanasikia.

Waliodhani wao ndio wasikilizaji pekee, asilimia 85 walitoka kutoa taarifa kabla kifafa hakijaisha. Waliodhani kuna msikilizaji mwingine mmoja walikuwa asilimia 62. Waliodhani kuna wengine wanne, asilimia 31. Na kwa kuwa nani aingie kundi gani liliamuliwa kwa bahati nasibu, huwezi kusema kwamba wenye huruma walijazana upande mmoja. Hapo ndipo nguvu ya jaribio la maabara ilipo, na wanaolidharau kwa kuwa "si maisha halisi" hawalitendei haki. Ukitaka kujua kama kitu fulani ni chanzo, lazima ukitenge na vingine vyote, na mtaa haukupi nafasi hiyo. Wajibu ambao mtu mmoja angeubeba wote hupungua uzito anapoamini kwamba kuna wengine wa kuubeba. Hilo lilithibitishwa, na sioni sababu ya kulikataa.

Lakini ziangalie zile asilimia tena, safari hii kwa jicho la anayekabwa. Asilimia 31 ni uwezekano wa mtu mmoja kuinuka. Mgonjwa haulizi kama msikilizaji huyu au yule atainuka. Anauliza kama yeyote atakuja. Ikiwa kweli kuna wasikilizaji watano na kila mmoja anaamua peke yake, kama walivyotengwa kwenye vile vyumba, uwezekano wa wote watano kubaki wameketi ni 0.69 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani karibu 0.16. Basi uwezekano wa kupata angalau mtu mmoja ni kama asilimia 84. Kwa wasikilizaji wawili wenye asilimia 62 kila mmoja, ni kama 86. Mbele ya msikilizaji mmoja tulikuwa na 85. Kwa matokeo yaleyale, basi, mgonjwa hakupoteza karibu chochote kwa kuzungukwa na watu wengi, isipokuwa muda: wenye kuamini kuna wengine walichelewa zaidi kuinuka, na katika dharura muda ni jambo kubwa. Bado, sentensi ambayo wanafunzi wengi hutoka nayo darasani, kwamba ukipatwa na balaa mbele ya watu wengi umekwisha, haitoki kwenye takwimu hizi.

Waliofanya utafiti nje ya maabara waligusa upande huo wa pili. Mwaka 1969 Irving Piliavin na wenzake walichapisha utafiti wa kwenye treni za chini ya ardhi za New York, kwenye kipande cha njia ambacho treni huenda dakika saba na nusu bila kusimama. Mwigizaji wao alijifanya kuanguka sakafuni, mara akiwa na fimbo kama mlemavu, mara akinuka pombe. Mwenye fimbo alisaidiwa mara 62 kati ya 65, anayenuka pombe mara 19 kati ya 38. Wingi wa abiria haukupunguza msaada. Tofauti na chumba cha vipokea sauti iko wazi: abiria walimwona aliyeanguka, na kila mmoja aliona kama wengine wameinuka au la.

Kisha zikaja kamera za usalama za mitaani. Richard Philpot na wenzake walichambua video 219 za ugomvi hadharani katika Lancaster ya Uingereza, Amsterdam na Cape Town. Katika ugomvi tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja wa pembeni aliingilia kati: aliamulia, alimzuia mshambuliaji, au alimfariji aliyepigwa. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa kupata msaada ulivyopanda.

Ingekuwa rahisi kutangaza kwamba mtaa umeshinda. Mimi sikubali. Kamera hazikugawa watu kwa bahati nasibu. Penye watu wengi huenda pana mengine pia, marafiki wa anayepigwa, walinzi wa baa, mwanga wa kutosha. Video hizo hazikutoa sauti, na ni vigumu kujua nani anafahamiana na nani. Isitoshe, ugomvi wa wazi ni aina moja tu ya dharura. Hausemi lolote kuhusu moshi unaopenya chumbani polepole, ambapo Latané na Darley, katika jaribio jingine la maabara, waliona asilimia 75 ya waliokuwa peke yao wakitoa taarifa, lakini asilimia 10 tu ya walioketi na waigizaji wawili waliojifanya hawajali. Pale ambapo mtu hajui kama kuna hatari, husoma nyuso za wenzake, na nyuso tulivu humdanganya. Kwenye ugomvi wa barabarani hakuna cha kukisia.

Kwa hiyo maabara imetuambia nini hutokea ndani ya mtu, na kamera zimetuambia nini humpata anayehitaji msaada. Ni maswali mawili. Ninachokilalamikia ni ufundishaji unaotumia jibu la swali la kwanza kujibu la pili. Nina sababu ya kulikazania: mtu aliyefundishwa kwamba umati hausaidii atakuwa na sababu moja zaidi ya kutoomba msaada, au ya kutoutoa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kipengele ambacho vitabu hivyo havikigusi. Mtu akipiga kelele "Mwizi!" sokoni, watu hawagandi, wanakuja kwa makumi, na wakati mwingine wanaua. Umati unaingilia, tatizo ni unaingilia dhidi ya nani. Mark Levine na wenzake walipowajaribu mashabiki wa Manchester United, waliona kwamba aliyeanguka akiwa na jezi ya timu yao alisaidiwa zaidi ya mwenye jezi ya Liverpool. Idadi ya watu haitoshi kueleza hilo. Inabidi kuuliza wanamhesabu nani kuwa mwenzao. Utafiti wa namna ya treni ya New York ukifanywa kwenye stendi ya mabasi Dar es Salaam au Nairobi, kwa kibali cha maadili na bila kumdhalilisha mtu, uhesabu vyote viwili: wangapi waliinuka, na aliyeanguka alipata nini kutoka kwao.